Subira Inayotoka Kwenye Kidonge

Ramadhani ya mwaka jana niliswali tahajudi karibu kila usiku. Sisemi hili kwa kujisifu. Mkifika mwisho wa aya ya pili mtaona hakuna cha kujisifia. Ilikuwa saa nane usiku, bweni zima limelala, mimi macho makavu na moyo unanidunda, nikaona huo ni mwaliko. Nikatawadha, nikasimama, nikasoma sura ndefu ambazo mwaka uliotangulia zilinishinda hata kwa kukaa. Nililia pia. Asubuhi nikamwambia rafiki yangu wa chumbani kwamba safari hii Ramadhani imeniingia kweli, na yeye, ambaye si mtu wa wivu, akasema mashaallah, akaniomba nimwamshe.

Siku ya kumi na tisa ya mwezi huohuo, kabla ya adhuhuri, nikiwa nimefunga, nilimtukana rafiki huyohuyo. Nilichukua bakuli lake la udongo, lile analokulia uji wa futari na ambalo alipewa na mama yake, nikalibamiza sakafuni. Kosa lake lilikuwa kusogeza daftari langu kutoka kitandani. Wiki iliyofuata nikapimwa damu, ikaonekana kwamba kwa zaidi ya mwezi mzima nilikuwa nikimeza dawa mara mbili ya kipimo changu. Kwa hiyo tahajudi na tusi vilitoka kwenye boksi moja.

Tangu siku hiyo kuna swali halijaniacha, na naliandika hapa kwa sababu nadhani si la wagonjwa wa tezi peke yao. Ikiwa subira yangu hupanda na kushuka kwa mikrogramu, je, ni subira yangu? Na kama ubaya wangu ulikuwa wa dawa, wema wangu ulikuwa wa nani?

Nianze nyuma kidogo. Mwaka wangu wa pili hapa Bujumbura nilikuwa mtu mzito. Wanaoijua hali ya hewa ya mji huu, pale chini karibu na ziwa, watanishangaa nikisema nilikuwa navaa sweta saa saba mchana. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ngozi ya visigino ilipasuka. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja wa kitabu mara tatu na mwisho sijui nimesoma nini. Siku zangu za mwezi zikawa ndefu na nzito mno, dada zangu mnaelewa, hata hesabu ya lini nioge nirudi kwenye swala ikanivuruga. Na usingizi! Nililala kama mtu aliyezikwa. Alfajiri ilinipita wiki baada ya wiki. Simu ililia, rafiki yangu alinitikisa, nilijibu "naamka", halafu jua likanikuta palepale.

Mnaijua ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba swala zilizo nzito zaidi kwa wanafiki ni isha na alfajiri. Niliijua pia. Nilijiwekea hukumu mwenyewe bila kumngoja mtu. Na watu nao hawakunisaidia: katika darsa moja ya akina dada, mzungumzaji alieleza kwamba mwili kuwa mzito kwenye ibada ni alama ya dhambi iliyofichwa. Sikumlaumu, hakuwa akinisema mimi. Lakini nilirudi chumbani nikachambua maisha yangu yote kutafuta dhambi hiyo. Nilitubu kwa mambo niliyoyakumbuka na kwa mengine niliyoyabuni. Nikasomewa ruqya, nikanywa maji yaliyosomewa, na sijutii hata kidogo, kwani dua ni dua. Tatizo ni kwamba mwaka mzima sikumwona daktari, kwa sababu sikuwa najiona mgonjwa. Nilijiona mbaya.

Aliyenigundua ni mama, tena kwa simu. Yuko Uvira, ng'ambo ya mpaka. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona sauti imekuwa ya mzee? Nasikia kama naongea na bibi yako." Nikacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake alivuka Gatumba na fedha za kipimo kwenye kitambaa, akanikamata mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tezi yenyewe ni kitu kidogo, imekaa mbele ya koo chini ya kile kidude kinachopanda na kushuka mtu akimeza, na umbo lake ni la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayoamua mwendo wa mwili wote: moyo upige kwa kasi gani, tumbo lisage chakula kwa haraka au taratibu, mtu aone joto au baridi, fikra zikimbie au zitambae. Juu yake kuna msimamizi, tezi nyingine ndogo chini ya ubongo, inayotuma ujumbe unaoitwa TSH. Homoni ikipungua, msimamizi anapaza sauti, TSH inapanda. Homoni ikizidi, msimamizi ananyamaza, TSH inashuka. Kwangu msimamizi alikuwa anapiga kelele. Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, imeikosea tezi na kuiona adui. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, kwa jina la tabibu wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1912. Tezi iliyoharibiwa kiasi hicho kwa kawaida hairudi. Dawa ni kuweka kutoka nje kile ambacho mwili haukitengenezi tena, kidonge kimoja kidogo kila siku, maisha yote.

Nilianza na mikrogramu 25, zikawa 50, kisha 75. Kila wakibadilisha unangoja wiki sita hadi nane ndipo upimwe tena, maana homoni hii haina haraka: baada ya siku saba hivi, nusu yake bado iko mwilini. Hilo kusubiri lilinichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Unameza, hujisikii chochote, unajiuliza kama umedanganywa. Halafu siku moja, mwezi wa tatu wa dawa, nilifumbua macho gizani nikafikiri kuna mtu kaniita. Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nimeamka tu. Nikakaa kitandani, na baada ya muda muadhini akaanza.

Nikarudi kuwa mtu. Nikawahi jamaa. Akina dada wakaanza kusema "mashaallah, imani imekurudia", na mmoja akanitaka nizungumze kwenye kikao chetu, nieleze nilivyoishinda nafsi. Nilikataa kwa kisingizio cha mtihani. Ningewaambia nini? Kwamba nilitubu mwaka mzima na kisichopona kwa toba kilipona kwa mikrogramu 75? Nilihisi kama mtu anayepongezwa kwa mali ya wizi.

Wakati huo ndipo mama aliponisimulia habari za bibi. Nilijua tu kwamba alizaliwa Idjwi, kile kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu, na kwamba hakupenda kupigwa picha bila mtandio. Sikujua kwamba chini ya mtandio kulikuwa na rovu. Kisiwani kwao, alisema mama, shingo kama hizo zilikuwa jambo la kawaida, na watoto wengine walizaliwa wafupi, viziwi, wazito wa akili. Majirani walikuwa na maelezo yao: laana, uchawi, ukoo mbaya, wavivu wa asili. Watafiti kutoka Ubelgiji walikaa Idjwi katika miaka ya 1960 wakichunguza jambo hilo. Udongo wa kule una upungufu wa madini joto, yaani iodini, ambayo tezi huihitaji kutengeneza homoni. Ikikosa, hujitanua ikijaribu kukamata kidogo kilichopo. Lakini waliona kitu cha ajabu. Rovu lilikuwa nyingi kaskazini kuliko kusini-magharibi, ingawa madini joto yalikuwa pungufu kote. Baadaye ilionekana kwamba muhogo una mkono katika jambo hilo: usipoandaliwa vizuri, sumu yake mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo. (Msije mkaacha ugali wa muhogo na sombe kwa sababu yangu. Muhogo uliolowekwa na kukaushwa inavyotakiwa, pamoja na chumvi yenye madini joto, hauna neno. Na ugonjwa wangu mimi si wa chumvi, ni wa kinga ya mwili. Nimeulizwa hilo mara nyingi.)

Fikirini kidogo: kijiji kizima kinaitwa kivivu kwa kukosa kitu ambacho mtu anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, chembe usiyoiona kwenye kidole. Waswisi walikuwa na mabonde ya namna hiyo mpaka walipoanza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1922. Hawakuhubiriwa bidii. Waliwekewa chumvi.

Nilipoyasikia haya nilifarijika, halafu faraja ikageuka ikaniuma. Kwa maana ukienda na hoja hiyo mpaka mwisho wake, hakuna kinachobaki. Uvivu wa bibi ulikuwa upungufu wa madini. Uzito wangu ulikuwa tezi. Bidii ya yule dada anayewahi kila darsa labda ni tezi nzuri tu. Wema wote unakuwa kemia, na hatuna la kusifu wala la kulaumu. Kuna wenzetu wa vitivo vya sayansi wanaofika hapo na kutabasamu kama wamevumbua kitu. Mimi nilifika hapo nikaogopa.

Basi likaja lile la boksi.

Duka ninalonunulia dawa liliishiwa. Zile nilizozoea zilikuwa vidonge vya 50, nami nilikuwa nameza kimoja na nusu. Katika duka la pili nikapewa boksi la kampuni nyingine, rangi nyingine, na muuzaji akasema ni dawa ileile. Ni kweli ilikuwa ileile, ila kila kidonge kilikuwa cha 100. Hakuniambia, na mimi sikusoma. Mwanafunzi wa chuo kikuu, nasoma vitabu vya kurasa mia nne, nikashindwa kusoma namba moja ubavuni mwa boksi. Nikaendelea na kimoja na nusu changu tangu katikati ya Shaabani. Mikrogramu 150 kwa msichana wa kilo 52, wakati kipimo kamili huwa karibu na mikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Pigeni hesabu wenyewe.

Mwanzoni nilipenda, lazima niseme. Nilikuwa na nguvu, nilipungua, nilimaliza kazi za wiki kwa siku mbili. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, jasho, moyo kukimbia nikiwa nimekaa. Nilidhani ni saumu. Usingizi ulipokatika nikaona ni baraka ya mwezi. Na hasira ilipokuja sikuiona inakuja kabisa; ilikuwa imeshafika.

Daktari alipoona TSH imezama karibu na sifuri alinikataza kumeza kwa siku kadhaa kisha nirudi kwenye 75. Nilimweleza rafiki yangu. Akanikumbatia, akasema, "Dada, kumbe haikuwa wewe, ilikuwa dawa. Mimi nimeshakusamehe."

Neno hilo la huruma ndilo lililonifunga. Kwa sababu nilikuwa tayari kulipokea kwa tusi, lakini nilipogeuka nikakuta zile tahajudi kumi na tisa zimesimama nyuma yangu zinaniangalia. Kama haikuwa mimi pale, haikuwa mimi hapa. Huwezi kugawa boksi moja, uchukue swala uache matusi. Nilitaka sana kufanya hivyo, na nadhani watu wengi hufanya hivyo kila siku bila dawa yoyote: tukikosea tunataja njaa, malezi, uchovu, tukifanya jema tunataja jina letu.

Nilikwenda na swali hili kwa mwalimu mmoja mzee anayefundisha Buyenzi. Hakunijibu moja kwa moja. Alinikumbusha habari ya al-Ashajj wa kabila la Abdul-Qays, aliyefika Madina na ujumbe wa watu wake. Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba anazo sifa mbili anazozipenda Allah, upole na utulivu wa kutofanya pupa. Katika mapokezi ya Abu Dawud yule bwana akauliza kama sifa hizo amezichuma mwenyewe au ameumbwa nazo. Akajibiwa kwamba ameumbwa nazo. Naye akamshukuru Allah.

Nilikaa na kisa hicho siku nyingi. Mimi ningekuwa al-Ashajj ningesikitika. Ningesema: kumbe si yangu, basi ninasifiwa nini? Yeye swali alilouliza ni lilelile langu, na jibu alilopewa ni lile ninaloliogopa, na bado hakuona kwamba amenyang'anywa kitu. Alikuwa amepewa. Mimi nilikuwa nadhani kuna mizani yenye sahani mbili tu, yangu na isiyo yangu, na kwamba kila kinachowekwa kwenye sahani ya pili kinatoka kwenye ya kwanza. Lakini tezi nzima, isiyougua, nayo ni ya nani? Mimi niliitengeneza? Kabla ya ugonjwa nilikuwa naamka alfajiri kwa homoni ambayo sikuiomba wala kuilipia. Kilichobadilika ni kwamba sasa naiona, imekaa mkononi, nyeupe, ina mstari katikati.

Hata hivyo hilo halikunitosha kuhusu tusi, na hapa natoa fikra yangu mwenyewe, anayeweza kuisahihisha anisahihishe. Zile siku baada ya kipimo, dawa ilikuwa bado iko mwilini. Kumi la mwisho la Ramadhani lilinikuta silali, safari hii najua kwa nini. Usiku wa kwanza nilikaa kitandani nikajiuliza kama kuna maana ya kusimama, maana mwaliko ulikuwa wa uongo. Halafu nikachukua simu, nikapitisha saa nzima nikiangalia picha za harusi za watu nisiowajua. Na hapo ndipo nikaona kitu. Kidonge kilikuwa kimenipa macho makavu. Hakikunipa swala. Bujumbura nzima usiku ule kulikuwa na watu wasiolala, walinzi, wagonjwa, wenye madeni, na si wote waliokuwa wamesimama wanaswali, wala mimi saa ile sikuwa nimesimama. Nikaweka simu chini nikaenda kutawadha.

Nikilirudia tusi kwa jicho hilohilo, halinihurumii. Moto ulikuwa wa dawa, hilo nashikilia. Lakini yale maneno niliyachagua. Katika maneno yote yaliyoko katika Kiswahili na Kirundi nilichukua yale yanayomhusu baba yake, aliyewaacha akiwa mdogo, jambo aliloniambia usiku mmoja kwa siri. Homoni haijui habari za baba yake. Mimi ndiye niliyejua pa kuchoma.

Kwa hiyo sikukubali kusamehewa kwa njia ile. Nilimwomba radhi upya, kwa maneno yale hasa, nikiyataja. Ilikuwa vigumu zaidi kuliko mara ya kwanza, na yeye alilia, jambo ambalo kwenye ule msamaha wa haraka hakulifanya. Bakuli nalo nililipa. Yeye alikataa fedha. Nikamkumbusha kwamba mafakihi wanasema mtoto mdogo akivunja chombo cha mtu hana dhambi, kalamu haimwandiki, lakini chombo kinalipwa kutoka katika mali yake. Dhambi ni jambo moja, haki ya mtu ni jambo jingine. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyepitiwa na usingizi swala ikatoka: halaumiwi, na anaiswali akiamka. Ule mwaka wangu mzito niliuhesabu alfajiri zake kwa makadirio, na nimekuwa nikizilipa, moja moja, baada ya kila alfajiri ya siku. Sizilipi kwa kujichukia tena. Nazilipa kama mtu anayelipa deni la duka alilochukua akiwa na homa.

Nikiri pia upande wa pili, nisije nikaonekana nimekuwa mwema sana. Ugonjwa ukishakuwa na jina unakuwa mwavuli mzuri. Muhula uliopita tulikuwa na kazi ya kikundi, wanne, na siku ya kuiwasilisha nilituma ujumbe kwamba tezi inanisumbua. Haikuwa inanisumbua. Kipimo cha wiki ileile kilikuwa safi kabisa. Sikuwa nimejiandaa tu, na nilijua hakuna atakayeniuliza, kwa sababu waliokwisha kuniona nikitetemeka wanaona aibu kuuliza. Hapo hapakuwa na mikrogramu yoyote ya kusingizia. Nimeandika hivi ili wenzangu watatu wasome.

Kuna amana nyingine ambayo sikuijua zamani: ikiwa najua kwamba hasira yangu imefungwa kwenye kidonge, basi kukimeza sawasawa ni sehemu ya tabia yangu njema. Yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia kisha ategemee, mimi ngamia wangu ni boksi. Nasoma namba. Namweleza muuzaji kipimo kwa mikrogramu, si kwa idadi ya vidonge. Sikiweki dirishani penye jua. Nakimeza kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula. Chai na kahawa zinangoja, na vidonge vya kuongeza damu vinakaa mbali nacho kwa saa nne, maana chuma huizuia dawa isiingie. Mjomba wangu mmoja, mtu wa kheri, alinishauri niache dawa za wazungu nitumie habasoda peke yake, nitegemee. Habasoda naila na naipenda. Lakini nilimwambia, "Mjomba, mimi nilishawahi kukaa mwaka mzima bila dawa, na tawakali yangu wakati ule ilikuwa usingizi."

Mwingine aliniuliza kama dawa hii ina nguruwe. Ni swali la haki. Kuna dawa ya tezi iliyokaushwa ambayo hadi leo hutengenezwa kutokana na nguruwe, inatumika Marekani. Hii ya kwetu, levotiroksini, hutengenezwa maabara. Na mmoja wa wagonjwa wa kwanza kutibiwa hakupewa nguruwe bali kondoo. Ilikuwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1891: tabibu kijana, George Murray, alimdunga mama wa miaka 46 maji ya tezi za kondoo. Mama huyo akaishi hadi 1919, miaka 28 zaidi, na inakadiriwa alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Huwa namfikiria mama huyo siku ya Idi. Sisi tunachinja mmoja tunaona tumetoa.

Ramadhani hii daktari amenikubalia nifunge. Naamka saa tisa na nusu usiku, nameza, nasubiri nusu saa, ndipo tunakula daku. Rafiki yangu bado tuko chumba kimoja. Amenunua bakuli jingine, la bati, anasema hataki kujaribiwa tena, na kila nikilipita analigonga kwa kijiko. Ile nusu saa ya kungoja ni ndefu. Sina macho makavu tena. 75 zinanitosha, na usingizi wa kawaida wa mtu wa kawaida unanivuta shuka. Kuna siku naswali rakaa mbili, kuna siku nne. Juzi niliegemea ukuta nikalala mdomo wazi mpaka harufu ya ndagala ikaniamsha. Kipimo kingine ni baada ya Idi.